Bei ya mfuko imeshuka, udongo bado unadai

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hizo ndizo mkulima wa mahindi anazozilipia. Kwa hiyo anayejadili ruzuku ya mbolea angeanza na swali moja: kilo hizo 23 zikiingia shambani, zinarudi na mahindi kiasi gani? Bungeni na kwenye mikutano ya hadhara bei ya mfuko hutajwa kila mara, na hupigiwa makofi. Swali hilo la mavuno halina wapigaji makofi.

Tufanye hesabu, msomaji, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Katika shamba lenye udongo ulio hai, mbegu chotara na palizi iliyofanywa kwa wakati, kila kilo ya naitrojeni inaweza kuongeza kilo 20 za mahindi, pengine zaidi. Katika shamba lililochoka, lenye tindikali, lililopaliliwa magugu yakiwa yameshafika kiunoni, kilo hiyohiyo huongeza kilo 10 au pungufu. Tuchukue bei mbili za mahindi ambazo mkulima wa Songea au Sumbawanga anazifahamu: sh 700 kwa kilo mwaka wa neema ya soko, na sh 400 mwaka wa balaa. Mfuko wa urea uwe sh 70,000 kwa ruzuku, na sh 125,000 bila ruzuku, karibu na ilivyokuwa mwaka 2022.

Mwenye shamba lililochoka anavuna nyongeza ya kilo 230. Bei ikiwa sh 400 anapata sh 92,000. Akitoa sh 70,000 za mfuko anabaki na sh 22,000, na hapo hajalipa bodaboda iliyobeba mfuko wala kibarua aliyeuweka. Mwenye shamba zuri anavuna nyongeza ya kilo 460, sawa na sh 184,000 kwa bei hiyohiyo mbaya. Huyu akinunua mfuko bila ruzuku yoyote, kwa sh 125,000, anabaki na sh 59,000. Yaani mkulima asiyesaidiwa hata senti, lakini mwenye udongo unaoitikia, anamzidi karibu mara tatu mkulima aliyesaidiwa sh 55,000 kwa kila mfuko. Bei ya mahindi ikipanda hadi sh 700, wa shamba zuri anabaki na sh 197,000 bila ruzuku.

Katika hesabu hiyo kuna namba tatu: bei ya mbolea, mwitikio wa udongo na bei ya mazao. Sera yetu imeweka karibu nguvu zake zote kwenye namba ya kwanza. Mageuzi ninayoyatetea ni kuhamisha sehemu ya fedha hizo, kwa hatua na kwa ratiba inayojulikana, kwenda kwenye zile namba mbili nyingine.

Sitaki nieleweke kama mmoja wa wale wanaotaka ruzuku ifutwe kesho asubuhi. Tanzania ilishafanya hivyo. Miaka ya mwanzo ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua, bei moja ya mahindi kwa nchi nzima ikawa imeshaondoka, na kiwanda cha mbolea cha Tanga kikafungwa. Mikoa minne iliyokuwa ikiitwa ghala la taifa, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ndiyo iliyoumia zaidi, kwa kuwa iko mbali na bandari: mbolea inafika ikiwa na gharama ya barabara, na mahindi yanatoka yakiwa na gharama ya barabara. Matumizi yalianguka. Wafanyabiashara binafsi, walioambiwa kwamba wangeziba pengo, walifika mijini na kandokando ya lami. Vijiji vya ndani vilisubiri.

Ruzuku ilirudi mwaka 2003/04, kwanza kama fidia ya usafirishaji. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, ahadi ambayo sisi na wengine wengi hatukuikaribia. Kisha, msimu wa 2008/09, bei ya dunia ikiwa imepaa, ikaja vocha. Benki ya Dunia ilichangia mkopo, benki ya NMB ikashika malipo, na kila kaya iliyochaguliwa ilipata vocha za mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia na mbegu kwa ekari moja. Serikali ililipa nusu ya bei, mkulima nusu. Kaya ilitakiwa ihitimu baada ya misimu mitatu.

Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri kuliko mingi iliyoutangulia na iliyoufuata. Ulikuwa na kikomo cha ekari na kikomo cha miaka, ulipitisha fedha kwa wakala wa pembejeo ili duka lake likue, na ulimlazimu mkulima aweke chake. Ulifika kwa kaya zaidi ya milioni mbili. Palipovuja ni kwenye uchaguzi wa wanufaika. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyoandika majina, na watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen, walipoangalia data za Kilimanjaro, walikuta takribani asilimia 60 ya vocha zimeishia kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Anayejua vijiji vyetu hatashangaa sana. Mwenyekiti naye ni mkulima, ana shamba, na kalamu iko mkononi mwake. Upande mwingine, mkulima maskini aliyepata vocha lakini hana ile nusu ya kulipia aliiuza kwa bei ya kutupa, wakati mwingine kwa wakala yuleyule. Na mawakala walisubiri malipo ya serikali kwa miezi. Wengine waliapa kutorudi tena, na walitimiza.

Mpango wa sasa ulizaliwa wakati wa dharura. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya mbolea iliyokuwa tayari juu ilizidi kupaa. Nane Nane ya mwaka huo, Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya: sh bilioni 150 katika bajeti ya kilimo iliyokuwa imepandishwa hadi karibu sh bilioni 954. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, au wa urea ukateremka hadi sh 70,000. Wakulima waliandikishwa kwenye daftari la kidijitali, kila mmoja akapewa namba, na wakala akatakiwa kuskani kila mfuko anaouza. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, ndiyo inayosimamia.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa foleni. Wakulima walilala nje ya maduka Njombe na Songea, mtandao ukisumbua na mawakala wakiwa wachache, huku mvua ikiwa imeshaanza. Lakini haki itendeke: mpango ulisimama, na takwimu za serikali zinaonyesha matumizi ya mbolea yakipanda kutoka tani laki tatu na ushee msimu wa 2021/22 hadi zaidi ya laki nane msimu wa 2023/24. Hata tukipunguza wale walioandikisha ekari zisizokuwepo, na mifuko iliyovuka mpaka kimyakimya kwenda kwa majirani wasio na ruzuku kama yetu, ongezeko linabaki kubwa. Aliyetaka kuthibitisha kwamba mkulima wa Tanzania hupunguza mbolea kwa sababu ya bei, si kwa ukaidi, amepata ushahidi wake.

Mpango wa dharura, hata hivyo, una tabia ya kuota mizizi. Kasoro yake kubwa ni kwamba ni punguzo la kila mfuko. Mkulima mwenye ekari moja anayenunua mifuko miwili anasaidiwa sh 110,000 kwa bei nilizozitumia hapo juu. Mwenye ekari 20 anayenunua mifuko 40 anasaidiwa sh 2,200,000. Fedha ya umma inamfuata mwenye shamba kubwa kwa uaminifu kamili. Tena huyo mkubwa, mara nyingi, angenunua mbolea hata bila ruzuku. Malawi, ambako jambo hili limepimwa vizuri, Jacob Ricker-Gilbert na wenzake walikuta kwamba kila kilo 100 za mbolea ya ruzuku ziliondoa sokoni takribani kilo 22 ambazo wakulima wangezinunua kwa fedha yao, na kwa kaya zenye uwezo zaidi kiasi hicho kilikuwa kikubwa zaidi. Huko ruzuku ililenga kaya maalumu. Kwetu inapatikana kwa kila aliyejiandikisha, kwa hiyo sioni sababu ya kuamini kwamba sisi tunapoteza kidogo kuliko wao.

Kasoro ya pili ni ya bajeti. Kwa tofauti ya sh 55,000 kwa mfuko, sh bilioni 150 zinatosha mifuko milioni 2.7 hivi. Bei ya dunia ikipanda sh 10,000 kwa mfuko na sisi tukaing'ang'ania ile 70,000, Hazina inatakiwa kuongeza sh bilioni 27 ambazo hakuna aliyezipangia. Anayetangaza bei ya mwisho ya mfuko ameikabidhi bajeti yake kwa soko la gesi la Ulaya na kwa vita vya watu wengine. Hazina isipokuwa nazo, deni linamshukia msambazaji, msambazaji anachelewa kuagiza meli, na mbolea ya kupandia inafika kijijini mahindi yakiwa magotini.

Malawi inastahili kutazamwa, kwa sababu ndiko ruzuku ilikosifiwa kuliko kokote Afrika. Bingu wa Mutharika aliianzisha msimu wa 2005/06 baada ya njaa, wafadhili wakinuna, na miaka miwili baadaye nchi ilikuwa inauza mahindi Zimbabwe. Sifa zilikuwa za haki. Kisha gharama zikapanda na bei ya dunia ya 2008, zikala sehemu kubwa mno ya bajeti ya kilimo, na hakuna rais aliyefuata aliyethubutu kuiacha ruzuku hiyo. Mwaka 2022 Rais Lazarus Chakwera alimfukuza waziri wake wa kilimo baada ya kubainika kwamba fedha za kununulia mbolea zimelipwa kwa kampuni ya Uingereza ambayo biashara yake ni nyama. Nyama! Na baada ya karibu miongo miwili ya ruzuku, Malawi bado inaomba chakula miaka ya ukame, kwa kuwa mbolea haileti mvua na haitibu udongo uliochoka.

Kenya nayo ilitupa somo lake mwaka 2024. Serikali ya William Ruto ilikuwa imeshusha mfuko hadi sh 2,500 za Kenya, na mbolea ikauzwa kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka, NCPB. Mwezi Machi waandishi wa habari za uchunguzi wakafichua kwamba baadhi ya mifuko ilikuwa na kitu kisichokuwa mbolea kabisa. Waziri Mithika Linturi alipigiwa kura ya kumng'oa na Bunge, kisha kamati maalumu ikamwondolea makosa. Wakulima waliokuwa wameshapanda hawakuwa na kamati ya kuwarudishia msimu. Funzo ninalolichukua ni hili: dola ikijifanya muuzaji mkuu, mkulima anapoteza silaha yake pekee, ile ya kuhamia duka la jirani. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi baada ya kulegeza soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wakenya walikuwa wameongeza matumizi ya mbolea bila ruzuku ya maana, wakiuziwa hata vifuko vya kilo moja na mbili kwenye maduka ya vijijini.

Sasa nirudi kwenye udongo, maana hapo ndipo penye nyama. Nyanda za Juu Kusini, ambako mbolea nyingi ya ruzuku huishia, zina maeneo makubwa yenye udongo wa tindikali. Pale pH inaposhuka chini ya 5.5, alumini iliyofungwa udongoni huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Mzizi unabaki mfupi. Fosforasi iliyomo kwenye DAP, ile ambayo mkulima ameilipia na serikali imeilipia, inanaswa na alumini na chuma, na mmea hauipati. Ni kama kuweka fedha kwenye akaunti ambayo benki imeifunga. Mbaya zaidi, DAP na urea zikitumika mwaka hadi mwaka bila kingine, zenyewe huongeza tindikali. Tunatoa ruzuku kwa kitu ambacho, kikitumiwa peke yake, kinapunguza taratibu faida ya ruzuku ijayo.

Dawa yake si siri. Chokaa ya kilimo inapatikana hapahapa nchini, Songwe ikiwa mahali panapofahamika zaidi. Tani moja hadi tatu kwa hekta, kutegemea vipimo, hufanya kazi kwa misimu kadhaa. Shida ya chokaa ni uzito: bei yake kiwandani si kubwa, ila kuifikisha Makete au Mbinga ndiko kunakommaliza mkulima. Hapo ndipo fedha ya umma ina sababu ya kuingia, kwa sababu faida inakuja polepole na mkulima wa shamba la kukodi hawezi kuisubiri. Vilevile kuna fosfeti ya Minjingu, Manyara, ambayo hufanya kazi vizuri hasa kwenye udongo wa tindikali. Enzi za vocha ilikuwemo, na wakulima wengine waliikataa: ilikuja ikiwa unga unaopeperuka, na hakuna aliyewaeleza kwamba matokeo yake hayaonekani haraka kama ya DAP. Kosa hilo lilikuwa la ugani, halikuwa la mwamba.

Mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo. Ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini kipimo kikionyesha pH 4.8 na punguzo likiwa ni la mbolea kama DAP na urea, si la chokaa, bwana shamba atamwambia nini mkulima? Atamshauri kitu ambacho serikali haimpunguzii bei, dhidi ya kitu inachompunguzia. Mkulima si mjinga, atafuata punguzo. India imelijua hilo kwa gharama kubwa: mwaka 2010 ilibadili ruzuku ya fosforasi na potasiamu, ikaiacha urea na bei yake ya chini, na wakulima wakazidi kuegemea urea hadi mizani ya virutubisho ikaharibika.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba namba ya usajili tuliyonayo, ambayo ndiyo mafanikio makubwa ya mpango wa 2022, itumike kubeba kiasi maalumu cha fedha kwa kila mkulima badala ya punguzo la kila mfuko. Kiasi hicho kilingane na ekari mbili au tatu, zisizidi. Mkulima akitumie kwa wakala yeyote aliyesajiliwa, kwa anachohitaji: urea, DAP, Minjingu, chokaa, mbegu. Mwenye ekari 20 apate kiasi kilekile cha mwenye ekari mbili, mifuko iliyobaki anunue kwa bei ya soko. Bei ya dunia ikipanda, Hazina haitetereki, kwa kuwa imeahidi kiasi cha fedha na haikuahidi bei. Aliyepimiwa udongo na kukutwa na tindikali aongezewe fungu la chokaa, pamoja na usafiri.

Najua atakayesema kwamba wakulima wakubwa ndio wanaolisha miji. Ni kweli, na hao wanahitaji zaidi mikopo nafuu na soko la uhakika kuliko punguzo la mfuko. Hilo linanipeleka kwenye namba ya tatu, ambayo nitaisema kwa kifupi kwa sababu haihitaji maelezo marefu. Mwaka 2017 serikali ilizuia kuuza mahindi nje. Mavuno yalipofika, bei ikaanguka mikoa ya kusini, na waliokuwa wamekopa kununua mbolea wakabaki na mahindi ndani na deni mlangoni. Msimu mmoja wa zuio unaweza kufuta faida ya ruzuku ya miaka kadhaa, maana mkulima aliyeunguzwa na bei hupunguza mbolea msimu unaofuata hata ukimpa kwa nusu bei. Ghala la NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, linalonunua kwa wakati na kulipa kwa wakati, na mpaka usiofungwa kwa tangazo la ghafla, ni ruzuku ya mbolea kwa jina jingine.

Ugumu wa mageuzi haya ni wa kisiasa na haupungui kwa kunyamaziwa. Mfuko una nembo, unapigwa picha, unakabidhiwa jukwaani. Chokaa ni vumbi jeupe ambalo matokeo yake yanaonekana baada ya msimu au miwili, pengine mbunge mwingine akiwa ameshachukua jimbo. Waagizaji wakubwa nao wanaupenda mfumo unaolipa kwa kila mfuko. Ndiyo maana nataka ratiba iwekwe kwenye sheria ya fedha na isibaki kwenye hotuba: miaka mitatu ya mpito, fungu la punguzo la mifuko likipungua kila mwaka na fungu la udongo likiongezeka kwa kiasi hichohicho, ili mkulima, wakala na mwagizaji wajue mapema.

Na kuna jambo moja lisilohitaji kusubiri miaka mitatu wala sheria mpya. TFRA inayo kumbukumbu ya kila mfuko ulioskaniwa: nani kauziwa, mingapi, wapi. Bodi ya mamlaka hiyo na Wizara ya Kilimo waamue kwamba kila msimu orodha ya kijiji, majina na idadi ya mifuko, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali ya kijiji, na nakala ipelekwe kwa Kamati ya Bunge inayoshughulikia kilimo. Wanakijiji wanajua nani ana shamba na nani hana. Ibandikwe kabla ya mvua za Novemba.